Macho yanayochoka mbele ya skrini: maswali yenu

Ninachapa kazi za wanafunzi hapa Kampemba, Lubumbashi, tangu asubuhi hadi jioni. Kila Juni macho huniwasha kana kwamba yana mchanga. Je, mwanga wa kompyuta unayaharibu?

Mama, mwanga huo hauyaharibu. Kinachoyachosha ni kukodoa. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, lakini anapokazia skrini hupepesa mara 5 hadi 7 tu, na machozi yanayolainisha jicho hukauka kabla hajapepesa tena. Ongeza hapo hewa kavu ya kiangazi chetu cha Lubumbashi, vumbi jekundu na feni inayokupuliza usoni, nawe utaelewa kwa nini Juni hukutesa kuliko Januari yenye mvua. Geuza feni upande mwingine, shusha skrini ili ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho (jicho linalotazama chini hufunuka kidogo, kwa hiyo hukauka polepole), na upepese kwa makusudi kila umalizapo ukurasa. Baada ya kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, ili msuli unaobadilisha umbo la lenzi ya jicho ulegee. Mwenye dirisha linaloelekea bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, ana bahati yake: tayari ana kitu cha mbali cha kutazama.

Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Nina miaka 44.

Usinunue, Papa. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2023 na Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za afya, haukuona kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko miwani ya kawaida. Kwa umri wako, ikiwa unasogeza simu mbali ndipo usome, fedha hizo zipeleke kwa mpima macho, kwa kuwa huenda unachohitaji ni miwani ya kusomea.

Umeme ukikatika, je, ni vibaya kusoma kwenye simu gizani?

Huchosha, lakini hakupofushi. Punguza mwangaza wa simu na uwashe taa ndogo ya betri kando yako.

Je, nitumie matone ya macho?

Machozi ya bandia, yaani matone ya kulainisha jicho tu, hayana shida. Matone yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), hata kama jirani aliyasifu, usiyatie bila daktari, maana yanaweza kupandisha presha ndani ya jicho bila wewe kuhisi lolote.