Kilele cha 91 si jina la ioni

SWALI: Prof, mimi ni mwanafunzi wa kemia hapa Lubumbashi. Tuliingiza toluini kwenye spektromita ya masi, mashini inayopima uzito wa ioni, yaani vipande vya molekuli vyenye chaji, tukapata kilele kirefu cha 91. Kompyuta inasema inalingana kwa asilimia 95. Naweza kuandika kwenye memwari, kazi yangu ya mwisho wa masomo, kwamba nimeiona ioni ya tropilio?

JIBU: Hapana, mwanangu. Ulichopata ni kitu chenye kaboni saba, hidrojeni saba na chaji moja, basi. Tropilio ni pete ya kaboni saba. Ioni ya benzili ni pete ya kaboni sita yenye mkia, na uzito wake ni ule ule 91. Elektroni za eV 70, nishati ya kawaida ya mashini hizi, huzitoa zote mbili, na mashini haijui kuzitenganisha.

Rylander, Meyerson na Grubb walilishughulikia jambo hili mwaka 1957 kwa kutumia deuteri, hidrojeni yenye uzito wa 2 badala ya 1. Hata ninyi mnaweza: ingizeni toluini ambayo hidrojeni tatu za mkia zimebadilishwa kuwa deuteri. Molekuli nzima ina uzito wa 95. Kama ingepoteza atomu moja ya mkia tu, mngeona 93 peke yake. Mtaona na 94 pia, maana atomu huchanganyika kabla moja haijatoka. Lakini hata hapo hamjajua ioni imeishia na umbo gani.

Kulijua umbo kunataka mtego wa ioni. Unaifungia ile 91, unaipa mvuke wa toluini, unasubiri. Benzili hushambulia na kutoa 105. Tropilio hukaa kimya. Kwenye spektromita ya kwadrupoli moja kama yenu ioni hupita chini ya sehemu ya elfu ya sekunde, ndani ya ombwe, bila kukutana na chochote. Ndiyo maana mnaiona hai, na ndiyo maana hamwezi kuihoji.

Kinachonichosha ni hiyo asilimia 95. Si kipimo cha ukweli. Ni programu imefananisha picha na picha zilizo kwenye maktaba yake, ikakupa inayokaribia. Zailini zote tatu (orto, meta na para) na ethilibenzini, ndugu wa toluini, zina masi 106, na kilele kikubwa cha kila moja ni 91. Picha za zailini tatu hata mimi sizitofautishi kwa macho. Halafu kuna watu mjini wanaowauzia wenye magari "analizi" ya esanse (petroli) ya makadafi, wale wauzaji wa barabarani: karatasi ya rangi, majina kumi na mawili, asilimia pembeni, na hakuna hata sampuli moja safi waliyolinganisha nayo! Zailini ya meta na ya para hutoka pamoja kwenye safu nyingi za kawaida, ile mirija inayotenganisha vitu kabla ya spektromita, lakini wao wanazitaja kila moja kwa jina lake bila aibu.

Kwenye memwari andika C7H7+, umbo halikuthibitishwa. Na ukiletewa karatasi ya namna hiyo, uliza kilele kilitoka dakika ya ngapi, na kililinganishwa na sampuli gani. Asipojibu, usimlipe.