Kwenda Dawson City: maswali ya wasomaji

Dawson City ni mji mdogo wa Yukon, Kanada, pale Mto Klondike unapoingia Mto Yukon. Dhahabu ilionekana jirani Agosti 1896, watu wakamiminika kwa maelfu kwenye ardhi ya Watr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa asili wa hapo. Pande zote ni pori.

Kutoka Whitehorse, mji mkuu wa Yukon, kwa gari ni siku moja?

Ndiyo. Ni kama kilomita 530, saa sita hadi saba. Jaza tangi Whitehorse, ongeza njiani ukifika Carmacks. Mtandao wa simu hukatika kwa muda mrefu, kwa hiyo pakua ramani mapema na ubebe tairi la akiba lenye upepo.

Mbona nyumba za kale zimelala upande?

Ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Joto la nyumba hupenya sakafuni, barafu huyeyuka, udongo hugeuka tope na nyumba huzama upande mmoja. Nenda kona ya Third Avenue na Harper Street ukaone zilizoegemeana.

Mgeni anaruhusiwa kuosha dhahabu?

Anaruhusiwa kwenye kitalu namba 6 cha kijito cha Bonanza: bure, kwa karai na koleo tu, na ukipata ni yako. Usiguse vitalu vingine, vina wenyewe.

Kwanza osha karai kwa sabuni, kwani mafuta huelesha chembe ndogo. Tia changarawe, zamisha majini, vunja mabonge ya udongo kwa vidole; bonge zima huondoka na dhahabu ndani yake. Suuza mawe makubwa, yatupe. Sasa tikisa kushoto na kulia, tena sana, dhahabu ishuke chini. Hapo ndipo wengi hukosea: huinamisha karai mapema na kumwaga walichokifuata. Inamisha kidogo, acha maji yachukue mchanga wa juu, tikisa tena, hadi ubaki mchanga mweusi. Chembe ikimeta, itie kivulini. Ulanga, madini yanayometa kama dhahabu, hufifia; dhahabu hubaki na rangi yake.

Nina pasipoti ya Tanzania. Naweza kuvuka hadi Alaska?

Ukiwa na viza ya Marekani uliyoipata mapema. Pale mpakani haitolewi. Kivuko cha Mto Yukon ni bure, kisha kuna zaidi ya kilomita 100 za barabara ya mlimani. Mpaka hufunguliwa kiangazi tu, na usiku hufungwa. Alaska iko nyuma kwa saa moja, hivyo angalia ratiba uliyoshika imeandikwa kwa saa za upande upi. Ukikuta lango limefungwa, ni kurudi Dawson.

Na dubu?

Nunua dawa ya kupuliza ya kuwafukuza ukifika, kwani ndegeni hairuhusiwi. Itundike kiunoni, ikiwa ndani ya begi hutawahi kuitoa. Chakula kisilale hemani.