Kipi kitangulie katikati ya jiji: wakazi au sanaa?

Mkuu, umeuliza kama mtaa wa katikati ya jiji uliogeuka mahame hufufuliwa kwa kumbi za sanaa au kwa watu kuhamia. Mimi nasema watu kwanza. Ukumbi wa muziki unajaza mtaa saa mbili usiku, saa tano kila mtu keshawasha gari kaondoka. Anayelala pale ndiye anayenunua mkate asubuhi na kupiga kelele taa ya barabarani ikizimika.

Tazama mtaa wa SoHo, jijini New York. Viwanda vilipohama, miaka ya 1960 wasanii waliingia kwenye maghorofa matupu kwa kufuata kodi ndogo ya pango na dari zilizo juu. Waliishi humo kinyume cha sheria, maana eneo lilitengwa kwa viwanda. Jiji lilikuja kuwaruhusu 1971. Yaani sanaa na makazi viliingia kwa mlango mmoja, tena wa uani! Los Angeles yenyewe ilipitisha kanuni mwaka 1999 ya kurahisisha kugeuza majengo ya ofisi kuukuu kuwa nyumba za kuishi, na zikapatikana maelfu.

Ila ambalo hukuuliza ndilo zito: kodi. SoHo ya leo ni ya maduka ya kifahari, msanii mchanga hapangi pale. Ningekuwa mimi, kabla ya kupaka hata ukuta mmoja rangi ningetenga sehemu ya nyumba kwa kodi nafuu, kwa mkataba wa miaka mingi, wakati wenye majengo bado wanabembeleza wapangaji.