Maswali na Majibu: Darasa Zima Linasoma, Mtoto Mmoja Mmoja Hasomi

Jumbe nyingi za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, kwa walimu na wazazi, na karibu zote zinahusu watoto na kusoma na kuandika. Zilizofanana nimezijibu pamoja. Pale palipo na mengi nimerefusha, mtanistahamilia.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Gredi ya Kwanza Mokowe. Tukisoma pamoja, darasa linaitikia vizuri mpaka wapita njia husifu. Nikimwita mtoto peke yake, wengi hunitazama tu. Nakosea wapi?

Marahaba. Unachokisikia hapo ni kumbukumbu. Mtoto wa miaka sita ana sikio kali: hadithi ya ukurasa mmoja akiisikia mara tatu ameshaihifadhi, na atakutolea yote huku macho yake yako dirishani. Ukitaka kujua ukweli, ziba picha kwa kiganja, kisha muulize neno la mwisho la sentensi, halafu la katikati. Au chukua silabi alizokwisha kuzifundishwa uziunge upya. Kama kitabuni mna "mama", "kaka" na "meza", andika ubaoni "kama" na "zama". Akiyatamka bila kusaidiwa, huyo anasoma.

Somo zuri lina hatua tatu: wewe unasoma wao wakifuata kwa macho, mnasoma pamoja, kisha kila mmoja anasoma mwenyewe. Wengi wetu kengele hutukuta kwenye hatua ya pili. Punguza hizo mbili za mwanzo ili ya tatu ipate angalau dakika kumi. Wakae wawili wawili: mmoja aweke kidole chini ya neno, mwenzake asome, kisha wabadilishane. Wewe zunguka, usikilize watoto watano kwa siku na uandike daftarini kila mmoja amekwama wapi. Kwa wiki mbili za masomo umeshawasikia hamsini. Kuitikia pamoja usikuache kabisa, maana humpa ujasiri mtoto mwenye haya, lakini usikuhesabu kuwa kusoma.

Na herufi usizifuate a, b, ch, d mpaka mwisho. Anza na irabu tano, kisha konsonanti zinazotokea mara nyingi kama m, k, t, l na n, ili wiki za mwanzo tu mtoto apate "kuku", "tatu", "kula". Herufi zetu hazigeuki sauti kila neno, kwa hiyo akishika silabi ameshika mengi. Mwambatano kama mbw, ndw na ng' unaweza kungoja.

Assalamu alaykum. Mwanangu yuko Gredi ya Pili hapa Langoni, na jioni huenda chuoni kusoma Kurani. Mara nyingine huanza kuandika kutoka kulia, na b na d humchanganya. Jirani ananishauri nimtoe chuoni mpaka ajue kusoma. Unasemaje?

Waalaykum salaam. Usimtoe. Watoto wengi wa umri huo hugeuza herufi, hata wale ambao hawajawahi kuketi mbele ya ustadhi. Tena wako ana faida. Chuoni amekwisha kujifunza kwamba herufi ikipata irabu yake inatoa sauti: ba, bi, bu. Hiyo ndiyo silabi anayofundishwa skuli. Wazee wetu wa Pate na Lamu waliandika tenzi za Kiswahili kwa herufi hizo hizo za Kiarabu tangu karne ya 18, wala hazikuwapoteza.

La kufanya ni dogo. Chora nyota kwenye ukingo wa kushoto wa kila ukurasa, ajue safari inaanzia hapo. Kwa b na d, mfundishe mkono kabla ya jicho: b huanza kwa mti ndipo tumbo, d huanza kwa tumbo ndipo mti. Afanye hewani, kisha mchangani, kisha daftarini, na zifundishwe wiki tofauti. Akipita miaka minane na bado herufi zinapinduka na kusoma ni mateso, apimwe macho, na mwalimu mkuu akuelekeze kwa wataalamu wa tathmini ya elimu maalumu wa kaunti.

Jambo moja la kuangalia. Chuoni kutamka sawasawa ni ibada yenyewe, hata kabla ya kujua maana. Mtoto anaweza kudhani kitabu cha hadithi nacho kinatosha kutamkwa. Kwa hiyo akimaliza ukurasa, mwambie: "Haya, nihadithie, kumetokea nini?"

Mimi ni mgeni Matondoni, nimetoka bara. Watoto huandika "yana" badala ya "jana", "ndia" badala ya "njia", "mato" badala ya "macho". Nikate kwa kalamu nyekundu?

Kalamu nyekundu iweke mfukoni. Mtoto aliyeandika "ndia" amesikia kila sauti na kuipa herufi yake, na hiyo ndiyo kazi uliyompa. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba kitabuni neno hilo huvaa vyengine. Gawa ubao safu mbili, ya nyumbani na ya kitabuni. Wao wenyewe wajaze: ndaa na njaa, ndoo na njoo, yuu na juu, tini na chini. Gredi ya Tatu hawachukui muda kuona kwamba nd inakwenda na nj, y na j, t na ch. Wakishaiona kanuni, watajisahihisha bila wewe.

Wakisimulia kwa mdomo, waache waseme Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu. Mtaala wa Kenya unaruhusu lugha ya eneo kufundishia gredi hizi za chini, na mwenzako wa Ganda au Msabaha anafanya vivyo hivyo na watoto wa Kigiriama wanaosema "madzi" na "dzulu". Na tafadhali, usiwaambie wanasema Kiswahili kibovu. Kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930. Kiamu kilikuwa kimetungiwa mashairi mazito miaka mingi kabla ya hapo.

Nina Gredi ya Sita mjini Malindi. Insha zao zote ni moja: "Nilirauka alfajiri na mapema majogoo walipowika..." Nikiwaambia waandike kwa maneno yao, wanakwama mstari wa pili.

Hili limenikaa rohoni siku nyingi. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza skuli ya msingi, ulikuwa na insha ya dakika arubaini na alama arubaini, na skuli nyingi zilijibu kwa kuwapa watoto orodha za misemo wazihifadhi. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mtihani umeondoka, orodha zimebaki.

Mtoto hukwama mstari wa pili kwa kuwa hana kitu cha kusema, na hana kitu kwa sababu hakutazama kitu. Watoe nje. Wapeleke ufuoni pale samaki wanaposhushwa, au kwenye nguzo ya Vasco da Gama, kila mmoja na penseli na nusu karatasi. Waandike mambo kumi waliyoyaona, kuyasikia au kuyanusa, kwa maneno mawili matatu kila moja. Sentensi bado. Mkirudi darasani, achague matatu tu ayafanye aya moja.

Utapata kitu kama hiki: "Mashua ilipofika, wanawake walikuwa wameshashika ndoo. Nguru mmoja alikuwa bado anapiga mkia. Mwenye mashua alitaja bei, mama mmoja akacheka akageuka kwenda zake." Hamna jogoo wala alfajiri, na nataka kujua kama yule mama alirudi. Muulize mwandishi hilo hilo. Jibu lake ndilo aya ya pili.

Kisha amsomee mwenzake, mwenzake aulize maswali mawili, aandike tena. Misemo ipige marufuku muhula mmoja, na methali iruhusiwe moja tu kama ina kazi. Wazazi watalalamika kwamba insha "hazina mapambo". Waalike darasani wasomewe.

Unaposahihisha, shika kosa la aina moja kwa kila insha: leo vituo, wiki ijayo ngeli. Daftari lililojaa wekundu mtoto halifungui tena.

Vitabu havitoshi, wanane kwa kimoja. Tufanye nini, sisi wa Ngomeni?

Mtoto wa nane anasoma kichwa chini, najua. Tengenezeni vyenu: watoto wasimulie, wewe uandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, na hiyo ndiyo kusoma kwa wiki nzima. Someni majina ya mashua. Kila nyumba ina kanga, na kila kanga ina jina lake chini, kwa hiyo kila mtoto alete moja. (Zipitie kwanza wewe. Nyengine zilinunuliwa kwa ajili ya jirani.)

Imla imepitwa na wakati?

La. Maneno matano kila asubuhi, mawili yakiwa ya jana, na mtoto ajisahihishe mwenyewe kutoka ubaoni. Hapo ndipo "ngombe" atapata ritifaa yake. Bila fimbo, bila kutangaza alama.

Mimi ni shangazi wa mtoto aliye skuli, nakaa Mambrui, na mwenyewe skuli sikwenda. Nitamsaidiaje mtoto huyu na kitabu chake?

Bi mkubwa, una kazi kubwa kuliko unavyofikiri. Mtegee vitendawili, mtolee hadithi; mtoto mwenye maneno mengi kichwani huyatambua haraka akikutana nayo kitabuni. Jioni akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama usimkemee, mwambie arudi silabi ya kwanza. Na akisoma vibaya utajua tu, maana kitakachomtoka hakitakuwa Kiswahili.