Walikuwa wanajeshi au wauza mafuta?

SUALI: Asalaam alaykum mhariri. Barazani kwetu Mkunazini juzi kahawa imepoa tunabishana, mwenzangu ashikilia eti waliounda kile chama cha siri cha kuikomboa Ugiriki kwa Waturuki walikuwa majenerali, mie nasema walikuwa wafanyabiashara. Nani mkweli?

JIBU: Waalaykum salaam. Umeshinda yakhe, mwambie mwenzako alipe kahawa! Chama kiliitwa Filiki Eteria, kimeundwa 1814 mjini Odessa, mji wa bandari uliokuwa chini ya Urusi, na waasisi ni watatu, Nikolaos Skoufas, Athanasios Tsakalov na huyu Emmanuil Xanthos wa kisiwa cha Patmos ambae mie ndo namuhusudu zaidi, mtu wa kisiwani kama sie, alikuwa karani wa wafanyabiashara, baadae akajaribu na biashara ya mafuta ya zaituni. Wanachama walikula kiapo, wakawa na madaraja yao na barua zao wakiandika kwa mafumbo, maana Mturuki akikukamata ndo basi tena.

Skoufas alifariki 1818, vita hata havijaanza. Xanthos ndie aliyefunga safari mpaka St Petersburg kumtaka Kapodistrias, Mgiriki aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Urusi, awe kiongozi, akakataa, ndo Xanthos akamwendea Alexandros Ypsilantis ambae alikubali 1820, na mwaka uliofuata moto ukawaka.

Ila mwenzako usimcheke sana, Ypsilantis alikuwa ofisa wa jeshi la Urusi kweli, na mkono mmoja aliupoteza vitani, pengine ndo alikochanganya.