Barua kwa Mwanangu: Wanaokwama Kabla ya Kuomba

Mwanangu mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu. Barua yako nimeipata. Unasema tangu uanze kufundisha chuoni, wanafunzi wanaotoka katika familia zisizo na kitu wanakujia kuulizia habari za shahada ya uzamili. Unawatia moyo, wanaondoka wakitabasamu, kisha mwaka unapita na hakuna hata mmoja aliyeomba. Ndipo ukaniuliza: "Mama, niwafanyie nini zaidi ya kuwatia moyo?"

Nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya udahili, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka. Punguza kuwatia moyo. Kijana aliyefika mwaka wa mwisho kwa kukopa na kuunga-unga, moyo anao kukuzidi wewe. Semina za hamasa mimi zimenichosha. Wanachokosa ni pesa ndogo za kabla ya kuomba, na mtu wa kuwaambia mambo ambayo watoto wa wasomi waliyasikia nyumbani bila hata kuuliza.

Tuanze na hizo pesa. Watu wakitaja gharama za masomo hufikiria ada ya chuo, na hiyo angalau ina wafadhili. Inayowamaliza ni ile isiyo na mfadhili: ada ya maombi kwa kila chuo, mtihani wa Kiingereza, nakala rasmi za matokeo na gharama za kuzituma. Mwanafunzi anajumlisha vyuo vitano, anafunga kompyuta, na wewe hakuambii. Atakwambia tu, "Madam, nimeona nipumzike kwanza mwaka huu." Ukisikia sentensi hiyo, usiulize habari za uchovu. Uliza habari za pesa, tena mkiwa wawili.

Kisha kaeni mpitie tovuti ya kila chuo mkitafuta msamaha wa ada ya maombi. Vyuo vingi vya Marekani vinao, ila mara nyingi unaombwa kabla ya kuwasilisha maombi, ukishalipa umelipa. Pasipoandikwa kitu, aiandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi: mimi ni fulani, naomba programu fulani, ada ya maombi siimudu, je, kuna msamaha na unaombwaje? Basi. Asijieleze kurasa mbili wala asiombe radhi. Vivyo hivyo, vyuo vingi hukubali nakala isiyo rasmi ya matokeo wakati wa kuomba, na ile rasmi huitaka kwa aliyekwisha kudahiliwa. Wapo pia wanaokubali barua ya chuo inayothibitisha kuwa alisoma kwa Kiingereza, badala ya mtihani. Na mtihani ukilazimu, asiufanye mapema kwa pupa: matokeo ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, huishi miaka 2 tu, ilhali ya GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu, huishi miaka 5. Huo GRE wenyewe vyuo vingi vimeacha kuudai, hasa tangu 2020, kwa hiyo asiulipie kabla ya kuhakikisha.

Kuhusu wapi pa kuomba, yako mambo mawili ambayo karibu kila mwanafunzi maskini anayajua kinyume. La kwanza, wanadhani uzamivu ni ghali kuliko uzamili, kwa kuwa uko juu zaidi. Kwa Marekani mara nyingi ni kinyume chake: programu nyingi za uzamivu hulipia ada na kumpa mwanafunzi posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, huku uzamili mwingi ukiwa wa kujilipia. Tena nyingi humpokea mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. La pili ni Ujerumani. Ni kweli vyuo vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini ili kupata viza lazima uoneshe pesa za kujikimu, karibu euro 12,000 kwa mwaka. Usimwache mwanafunzi wako alijue hilo akiwa na barua ya udahili mkononi. Aombe na ufadhili, kama ule wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, sambamba na chuo.

Chevening, ufadhili wa uzamili wa serikali ya Uingereza, haina ada ya maombi, ila inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na za kujitolea zinahesabiwa. Erasmus Mundus, programu za uzamili za Umoja wa Ulaya, hutoa euro 1,400 kwa mwezi kwa wanaopata ufadhili wake. Hizi utazisoma mwenyewe, nisikujazie karatasi.

Bora nikueleze habari za Ronald McNair. Baba yake alikuwa fundi magari huko South Carolina. Yeye akapata uzamivu wa fizikia pale chuo cha MIT mwaka 1976, akawa mwanaanga, akafariki chombo cha Challenger kilipolipuka Januari 1986. Marekani ikaanzisha programu kwa jina lake kwa ajili ya wanafunzi wa kipato cha chini ambao wazazi wao hawana shahada, na wa makundi ambayo ni wachache kwenye uzamivu. Ninachokipenda ni kwamba haingoji mwanafunzi ahitimu. Inamuunganisha na mwalimu, anafanya utafiti akiwa bado kwenye shahada ya kwanza, na anaweza kulipwa posho. Hapo ndipo penyewe. Mwenye nacho hutumia likizo kukaa maabara bure. Asiye nacho anakwenda kutafuta kibarua, na kamati baadaye inauliza mbona hana uzoefu wa utafiti. Kwa hiyo wewe, ukipata fungu lolote la utafiti hata dogo, weka humo malipo ya msaidizi, na mpe nafasi hiyo mmoja wa hao wanafunzi wako. Kuchambua hojaji kwa miezi miwili kwa malipo kunamfaa kuliko ushauri wangu wote huu.

Sasa maelezo binafsi, yale mwanafunzi anayoyaandika kwenye maombi. Hapa walimu wenye huruma huharibu. Wanamwambia mwanafunzi, "Eleza shida zako, watakuonea huruma." Nimesoma mengi yanayoanza na kibatari na njaa, na ukurasa mzima unaisha hujui mtu anataka kusoma nini. Kamati ya uzamili inatafuta mtu wa kufanya naye kazi. Shida ziingie pale tu zinapoeleza kitu: mbona alama za mwaka wa pili zilishuka, au swali lake la utafiti lilitoka wapi. Kijana aliyekua akichota maji kisimani na sasa anataka kuchunguza chumvi kwenye maji ya ardhini, aanze na chumvi. Kisima kitajitokeza chenyewe. Na asiyetaka kabisa kuyataja ya nyumbani kwao, mwache. Umaskini wake si karo ya kuingilia.

Na barua yako ya mapendekezo, mwanangu, ndiyo silaha uliyonayo. Usiandike "ni kijana mwenye bidii, nidhamu na heshima." Barua hizo tulikuwa tunazifungua na kuzifunga. Andika: "Katika darasa langu la takwimu aligundua kwamba safu mbili za data nilizowapa zilikuwa zimerudiwa, akaja na hesabu iliyosahihishwa kabla sijaligusia." Mtoto wa mkubwa akikosa barua nzuri kwako ataipata kwingine, huyu anaweza kuwa na wewe peke yako. Mwombe wasifu wake na rasimu ya maelezo yake ndipo uandike, na uitume kabla ya tarehe ya mwisho. Nimeona faili likiwekwa kando kwa sababu mwalimu alisahau.

Akishapata nafasi, kazi haijaisha. Viza, tiketi na kodi ya mwezi wa kwanza hutangulia posho ya kwanza, na ofisi nyingi hupenda kusema "tumia kwanza, utarudishiwa," kana kwamba kila mtu ana cha kutumia kwanza. Aulize mapema kama anaweza kupewa pesa kabla. Asikubali pia kuharakishwa: vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana, kupitia Council of Graduate Schools, baraza la vyuo vinavyotoa shahada za juu, kwamba aliyeahidiwa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Wenye hofu ya kukosa hudaka ofa ya kwanza, na ya pili, yenye posho kubwa, inafika wiki mbili baadaye.

Usijaribu kuwabeba wote mwaka huu. Chagua wawili watatu walio tayari, wape tarehe zote kwenye karatasi moja, na wewe uwe na nakala. Barua zao za mapendekezo nitumie rasimu kabla hujazipandisha, nizipitie.

Baba yako anauliza kama ile miwani aliyokuachia umeipeleka kwa fundi.

Mimi mama yako.