Barua kwa Mwanangu: Wauza Unga wa Getini

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ni haki muuza dawa za kulevya aongezewe adhabu akikamatwa karibu na makazi ya watu wasio na pa kulala, kwa kuwa huko Marekani tangu mwaka 1984 anayeuza ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni anaweza kupewa adhabu maradufu, na sasa wapo wanaotaka makazi hayo nayo yalindwe hivyo.

Mimi nawaza ya mjomba wako. Alipokuwa katika ile nyumba ya kupata nafuu ya walioacha unga, yaani heroini, wauzaji hawakumfuata sokoni wala msikitini. Walimngoja nje ya geti, siku zile arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilipokuwa ikimliza, kwa sababu walijua kwamba mtu aliye katika hali ile hahitaji kushawishiwa. Kete ya getini ndiyo iliyomrudisha kwenye unga, na hadi leo nikipita barabara ile kifua hunibana. Kwa hiyo usidhani kwamba nawaonea huruma.

Lakini aliyekamatwa ni nani? Ni yule kijana wa jirani uliyekuwa ukicheza naye mpira, teja mwenyewe, aliyekuwa akiuza kete za mtu ili naye apate yake ya siku. Mwenye mzigo hafiki getini. Baba yako nimemwambia mara nyingi, nawe nakwambia: mwenye mzigo hafiki getini. Sheria yetu ya mwaka 2015, baada ya kurekebishwa mwaka 2017, humfunga miaka 30 hata anayeuza heroini kidogo, na maisha ikizidi gramu 200, bila kuuliza alisimama wapi. Kijana alipewa hiyo miaka 30, na haukupita muda akaonekana mwingine pale pale.

Hata hivyo, anayekwenda hospitali ya Bombo kila siku kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, anastahili njia isiyo na muuzaji, na kama adhabu nzito ingeisafisha njia hiyo, ningeitetea mbele ya yeyote. Ila naona askari wa kudumu pale angeisafisha zaidi kuliko miaka ya kuongeza juu ya 30.

Unataka ndiyo au hapana. Kwa ajili ya mjomba wako, ndiyo iko mdomoni. Lakini mama wa yule kijana bado tunaswali naye safu moja, nami nashindwa kuitamka. Siku utakaposikia kwamba mwenye ule mzigo amesimamishwa kizimbani, niulize tena.

Mama yako